Gitaa la Binti Yangu

Kama wiki iliyopita hukupita hapa kwenye safu hii, usisikitike, hukukosa jambo la kujivunia. Ungenikuta jukwaani, mchana kweupe, mbele ya bibi harusi na wageni wake mia mbili, gitaa langu likilia kama mlango wa stoo.

Kwa usiyenijua: mimi ni fundi wa miwani. Nina miaka arobaini na tatu, mume dereva wa lori, na binti mmoja ambaye tuliwahi kumnunulia gitaa la umeme la kujifunzia, lile linalouzwa kwenye boksi pamoja na mkanda, waya na spika ndogo kama kopo la maziwa. Binti alilipiga wiki mbili, akalichoka. Mimi nikaliokota.

Sasa ni mwaka na miezi miwili napiga gitaa kwenye bendi ya harusi, kila Jumapili mchana, na nyumbani wanaamini niko kwenye kikundi cha akina mama cha kufuma.

Mwaka na miezi miwili nafuma, na hakuna aliyewahi kuuliza hata soksi moja iko wapi. Ukitaka kuficha jambo kwenye familia yetu, liite kazi ya mikono ya mama.

Kwa nini najificha? Kwa sababu siku moja nilimtania mume wangu kwamba iko siku nitapanda jukwaani. Akaweka kijiko chini.

"Kumbi zile ni za watu wasio na kwao," akasema. "Mke wangu asionekane huko."

Akachukua kijiko, akaendelea kula. Kikao kilifunguliwa na kufungwa na mtu mmoja.

Basi Jumapili hiyo iliyopita, kikazio cha uzi wa tatu kililegea katikati ya wimbo. Nikikaza, kinaachia. Nikikaza tena, kinaachia zaidi. Bibi harusi akaziba sikio moja kwa shada la maua. Tulipomaliza, kiongozi wa bendi akanifuata. Tunamwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, ambayo nilimtengenezea mwenyewe na haina namba yoyote. Ni kioo cha dirisha kwenye fremu ya dhahabu.

"Alhamisi kwenye mazoezi," akasema mbele ya wenzangu, "njoo na gitaa la watu wazima. La sivyo rudi kwenye vioo vyako."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikia nilivyojichimbia.

Hela nilikuwa nayo, yangu, ya jasho langu. Haikutosha gitaa la mabingwa, ila ilitosha la katikati, lile ambalo si la kujifunzia wala si la kujionyesha. Shida ilikuwa moja: gitaa jipya likiingia nyumbani lazima liwe na maelezo. Kwa hiyo nikampigia mume wangu safarini nikamwambia la binti limeharibika, na Jumanne naenda mjini kumtafutia lingine.

Nilidhani nimecheza vizuri.

"Usiende peke yako," akasema. "Watakupiga. Nenda na mdogo wangu."

Mdogo wake ndiye Shemeji. Anauza vipuri vya magari, na sifa yake ni kubishana bei mpaka muuzaji anasahau anauza nini. Shemeji anajua kila kitu duniani isipokuwa kile ulichomuuliza. Jumanne asubuhi akanikuta kituoni amenyoa, amepiga pasi, viatu vinang'aa, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Gitaa ni kama gari. Unaangalia bodi, unaangalia rangi, unapiga mlango usikie unavyofunga."

"Gitaa halina mlango, shemeji."

"Niachie mimi."

Nikamwachia. Ningefanyaje? Mimi ni mama anayefuma.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza. Magitaa yamening'inizwa kwa shingo ukuta mzima, ya bei ya chini mlangoni na ya bei ya juu ambako huwezi kuyafikia. Muuzaji alikuwa kijana wa makamo, kavaa miwani ya jua humo humo ndani. Kioo cha kushoto kilikuwa kimechubuka na fremu ilikuwa imepinda. Kazini kwangu ningemtoza kwa kunitazama tu.

"Karibu, bosi!"

Shemeji akapewa mkono. Mimi nikapewa kiti.

"Tunatafuta gitaa la binti yetu," Shemeji akaanza. "La umeme. La kujifunzia ameshalimaliza."

"Binti ana umri gani?"

"Kumi na sita," nikasema.

Muuzaji akamtazama Shemeji. Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Basi, binti niliyemzaa mwenyewe akawa rasmi na miaka kumi na sita.

La kwanza kuletwa lilikuwa la waridi, limechorwa vipepeo.

"Hili wadada wanaligombania," muuzaji akasema. "Tena jepesi, hata mama anaweza kulinyanyua."

Mama akalinyanyua. Lilikuwa lile lile la kwenye boksi, limebadilishwa nguo. Mbao nyepesi kama biskuti, vikazio vile vile vya kuachia, na vile vyuma vya kukata sauti shingoni, wenyewe wanaviita freti, vilikuwa na ncha kali za kuchana mkono.

"Lina pikapu tatu," muuzaji akamwambia Shemeji.

"Pikapu za nini?" Shemeji akaruka. "Gitaa moja tu hili, nitalibeba mkononi!"

Muuzaji akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akaeleza kwamba pikapu ni sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinanasa sauti na kuipeleka kwenye spika.

"Najua," Shemeji akasema. "Nilikuwa nakupima."

Nikajiuma ulimi. Nilikuwa na maswali kumi na mawili kichwani, na hakuna hata moja ambalo mama anayefuma angejua kuliuliza. Ndipo wazo likanijia, na hapa nakiri, uongo mmoja ukizaa wa pili wanakuwa na sura moja kama mapacha.

"Mwalimu wa binti amesema hili la waridi si la hatua yake," nikasema.

Muuzaji akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Mwalimu?"

"Ndiyo. Amesema shingo iwe imenyooka, freti zisikwaruze, vikazio vishike. Na mbao iwe na uzito."

"Ahaa!" Muuzaji akavua heshima yote aliyokuwa ameihifadhi akampa mtu asiyekuwepo. "Huyo mwalimu ni mtu wa kazi. Ni bwana gani?"

"Bwana mmoja tu."

"Nimemsikia," akasema.

Amemsikia! Dakika tano nimekaa pale nikiwa na vidole vyenye sugu za nyuzi, nimeonekana kama mzigo wa Shemeji. Nikamzulia mwanamume, hana jina, hana sura, na tayari ana sifa mjini.

Kuanzia hapo kila nilichokijua nikakiweka mdomoni mwa mwalimu. Mwalimu alitaka pikapu zisizovuma mtu akinyamaza. Mwalimu hakutaka rangi. Mwalimu alisema hela ikiwa ya katikati, afadhali lililotumika lenye mbao nzuri kuliko jipya linalong'aa. Shemeji akaanza kumwonea wivu.

"Huyo mwalimu anaongea sana," akasema. "Mimi nimelipenda lile."

Lile lilikuwa jeusi, lina pembe mbili kama za nyati. Shemeji akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akatanua miguu, akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole kama anayekagua mlango wa gari.

"Bodi ngumu hii! Shemeji, nipige picha."

Nikampiga picha. Kisha nikaliomba, nikaliinua usawa wa jicho, nikafumba jingine na kutazama shingo toka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo ninavyokagua mikono ya miwani kila siku ya Mungu. Shingo ilikuwa imejisokota kuelekea kushoto, kama miwani iliyokaliwa na mtu mnene.

"Mwalimu angesema shingo hii imepinda," nikasema.

"Ndiyo mtindo wake, mama," muuzaji akajibu. "Imeundwa hivyo ili mkono ufike."

Ufike wapi, hospitali?

Ndipo nikaliona. Lilikuwa pembeni, nyuma ya mafurushi ya waya, la rangi ya kahawia iliyopauka, limechubuka mahali ambapo mkono wa mtu ulikuwa ukilala miaka na miaka. Hakuna achubuaye gitaa namna hiyo kwa kulichukia.

"Na lile?"

"Lile limetumika. Ukimpelekea binti atalia."

Bei yake ilikuwa sawa na ya lile la vipepeo. Nikalishika. Uzito wake ulitulia gotini kama mtoto aliyezoea kupakatwa. Shingo imenyooka. Freti zimelainika. Vikazio vigumu, vinageuka taratibu na kukaa pale pale unapoviacha. Nikahisi jasho la furaha, lakini gitaa la umeme ambalo hujalisikia ni sawa na miwani ambayo hujaivaa.

"Mwalimu amesema lazima lipigwe kwanza," nikasema.

"Nitakupigia."

Akalichomeka kwenye spika kubwa, akafungulia mwangwi mpaka mwisho, akapiga vile vidude vitatu ambavyo kila muuzaji wa magitaa anavijua na hajui zaidi ya hapo. Kwa mwangwi ule hata ufagio ungelia kama malaika.

"Umeona? Ila lile la pembe ni zaidi," akasema, akalichomoa haraka.

"Zima mwangwi, upige tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Mwalimu... mwalimu hapendi mwangwi."

Lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena. Shemeji alikuwa kwenye meza ya malipo, mishipa ya shingo imemtoka, anapigana vita ya maisha yake juu ya gitaa la pembe. Mara akainua mikono kama aliyefunga goli.

"Nimemlaza! Tunachukua la pembe, na mkanda anatupa bure! Shemeji, lete hela!"

Muuzaji alikuwa tayari anafungua mfuko wa kulitia. Nikamwona Profesa na dirisha lake machoni, nimesimama mbele yake Alhamisi na pembe mbili na shingo iliyosokotwa. Nikaliona na la kahawia, limeegemezwa ukutani, linanisubiri niseme kitu.

Nikainuka.

Nikalichukua, nikalichomeka mwenyewe. Nikazima mwangwi. Nikapunguza ukali wa spika. Nikakaa kwenye kile kiti changu cha heshima, nikaweka nyuzi sawa kwa sikio, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Shemeji, hiyo kitu ina umeme," Shemeji akasema. "Itakurusha."

Nikapiga.

Sikupiga wa kujionyesha. Nilipiga ule wimbo wa taratibu tunaowafungulia maharusi wakiingia, wenye vidole vitatu kazini na kimoja kinaimba peke yake juu. Sauti ilitoka safi, nene, bila kificho. Kila nilichokiomba kilinijibu. Mwaka na miezi miwili nimekuwa nikipigana na gitaa, na siku hiyo ndiyo kwanza nikapiga gitaa.

Nilipoinua kichwa, duka zima lilikuwa limenigeukia. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua ngoma alikuwa ameshika fimbo hewani. Muuzaji alikuwa amevua miwani, ananikodolea kwa kukunja uso. Macho yake hayaoni mbali, nikajua papo hapo. Anahitaji lenzi, si giza.

"Kitufe cha sauti kinakwaruza," nikamwambia, nikikizungusha asikie. "Na uzi mnene unazimika kwenye freti ya tano. Vyote nitavitengeneza mwenyewe, ila si kwa bei yako. Unapunguza, au nishuke ngazi?"

Akapunguza. Akaongeza na mfuko wake mgumu, na nyuzi mpya, na mkanda. Hakumtazama Shemeji kuuliza kama ni sawa.

"Na mwalimu?" akauliza kwa sauti ndogo alipokuwa akinifungulia mlango.

"Nitamsalimia."

Tukashuka ngazi.  Shemeji alishuka ngazi tisa nzima akitazama viatu vyake vinavyong'aa. Ya kumi ikamshinda.

"Shemeji. Kile kikundi cha kufuma..."

"Ndiyo."

"Na mwalimu wa binti..."

"Ndiyo."

"Kaka anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui."

Akaweka mkono kifuani. "Mimi kaburi."

Nilimwamini kwa kama hatua nne. Kisha nikaona mkono wa pili umeshika nini.

"Shemeji, mbona simu yako inalialia hivyo?"

Akaitazama kama vile ni ya mtu mwingine. "Aa. Hii. Ni ile video."

"Video gani?"

"Shemeji, ulikuwa unapiga! Mtu angeachaje? Nilirekodi kidogo, nikatuma. Kabla hujamaliza. Kabla sijajua kuwa ni siri! Kwa furaha tu."

"Umetuma kwa nani?"

"Kundi la familia."

Kundi la familia lina watu thelathini na mmoja, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye hasomi barua za benki lakini video huzitazama mara tatu tatu. Kaburi lile lilikuwa na spika.

Nikampokonya simu. Wifi yangu mkubwa alikuwa ameweka vikatuni sita vya vichwa vilivyotoa macho. Shangazi wa mume wangu ameandika: "Huyu si mke wa kwetu? Mbona hafumi?" Mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, ambao mpaka naandika haya sijaufungua. Na chini kabisa, kwenye orodha ya waliokwisha kutazama, nikamwona mume wangu.

Nikakaa kwenye kizingiti cha duka la mapazia lililo chini pale, gitaa magotini, nikingoja ndoa yangu iite. Haikuchelewa.

"Mama watoto," akasema.

"Baba watoto, sikiliza, ningekueleza..."

Akacheka. Akacheka kweli, kile kicheko chake cha tumboni.

"Unieleze nini? Gitaa zuri. Lina sauti nene kuliko lile la zamani."

Nikaondoa simu sikioni, nikaitazama, nikairudisha.

"Hujakasirika?"

"Nikasirikie nini? Nilijua siku nyingi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Sauti yake ilikuwa laini, ile ya miaka ya kwanza. "Unapiga vizuri, mke wangu. Ile Jumapili uliyovaa gauni la kijani, wimbo wa mwisho ule, si ukumbi mzima ulisimama? Na mimi nilisimama."

Machozi yakanitoka, nakiri. Mwaka na miezi miwili nimeingia nyumbani kwa kunyata na uongo kwapani, kumbe alikuwa ananijua na amenyamaza kwa ajili yangu. Shemeji akaniona nalia, akadhani nimeachwa, akaanza kunipigapiga mgongoni.

"Hata gauni unalikumbuka," nikasema, nikijifuta pua.

"Nitaacha kulikumbuka? Lilikupendeza."

Lilinipendeza mara moja tu. Jukwaani nililivaa Jumapili moja, wala halikurudi tena, kwa sababu zipu ilikatika nikifungasha waya na nikarudi nyumbani nimejifunga kanga juu yake.

Na Jumapili hiyo naijua vizuri. Asubuhi yake mume wangu alinipigia akasema lori limezuiwa mpakani, siku ya tatu, karatasi hazijakamilika, analala kwenye kiti cha mbele na hana hata maji ya kunawa. Nilimpa pole mpaka salio lake likaisha. Nikamwombea. Kisha nikavaa gauni la kijani nikaenda kwenye kufuma.

Machozi yakakauka yenyewe.

"Baba watoto," nikasema polepole. "Siku hiyo ulikuwa umekaa meza ya nani?"

Kule upande wa pili kicheko kikakatika. Nikasikia injini inanguruma, halafu ikazimwa.  

Nikamgeukia Shemeji. Mkono wake ulikuwa umeshatoka mgongoni kwangu. Amesimama mbele ya dirisha la duka, amenipa kisogo, pua karibu iguse kioo.

"Shemeji," nikamwita. "Kaka yako alipozuiwa mpakani, lori lilikuwa limelala wapi?"

"Haya mapazia," akasema bila kugeuka, "wanauza kwa mita, au kwa jozi?"